Mlango wa Dola na Hakimu Wake

Hapa Nyanchwa, katika mtaa huu uliokaa ubavuni mwa mji wa Kisii, ambamo Waadventista Wasabato wana kanisa lao, shule zao na chuo chao, mtu akikaa uani baada ya ibada ya Sabato na kutega sikio, hatachelewa kusikia majina ya mahali ambapo wengi wa wasemaji hawajapata kupakanyaga: Minneapolis, Brooklyn Park, Fort Snelling. Mawili ya kwanza ni majina ya miji ya jimbo la Minnesota, huko Marekani, ambako Abagusii ni sehemu kubwa ya Wakenya wote waliohamia jimbo hilo. La tatu ni jina la mahali penye mahakama ya uhamiaji, na aghalabu halitajwi ila kwa sababu kijana wa mtu fulani siku yake ya kusikilizwa imekaribia.

Juu ya mahakama hiyo, na juu ya mpaka wetu wa karibu wa Isebania, ndiko nitakako kusema, kwa kuwa mjadala wa mipaka, Marekani na kwetu sawia, umegeuzwa kuwa ugomvi wa ukali na upole, hawa wakitaka mlango ukomewe na wale wakitaka uachwe wazi, ilhali swali lililo zito kuliko hilo huwekwa kando: ni nani aamuaye kwamba huyu apite na yule arudi, na je, mwamuzi huyo yu huru mbele ya yule atakaye kufukuza?

Atokaye Kisii kwa barabara ya Rongo na Migori hufika Isebania jua lingali juu, na ng'ambo ya kizuizi ni Sirari, Tanzania. Mstari upitao hapo haukuchorwa na mtu wa huku. Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi kwa maafikiano ya mwaka 1886, wakavuta mstari kutoka pwani, wakauzungusha Kilimanjaro, wakaunyoosha hadi ziwa la Nyanza, na kwa mkato huo Wakuria, watu wa asili moja na lugha moja, wakajikuta wana serikali mbili. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikikata roho, Tanzania iliufunga mpaka, nao haukufunguliwa hadi 1983. Walakini watu hawakuacha kuoana wala kuzikana, maana zilikuwapo, na hata leo zipo, zile ziitwazo njia za panya.

Kisheria mambo yamelegea tangu wakati ule. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, humpa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza; Kenya, Uganda na Rwanda zilisogea mbele zaidi mwaka 2014, zikakubaliana kwamba kitambulisho cha taifa chatosha, lakini Tanzania haikuingia katika mapatano hayo, kwa hiyo mchuuzi wa Kisii aendaye Sirari kwa njia ya halali sharti awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Tena akigongewa muhuri, amepewa ruhusa ya kuzuru. Ruhusa ya kufanya kazi au biashara ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwishoni mwa Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani, na avunjaye amri hiyo hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, kifungo cha hadi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali chake. Wanunuzi wa mahindi wa upande wetu walilalamika, na kwa kadiri ya itifaki hoja walikuwa nayo. Lakini nimewasikia watu wa soko la Daraja Mbili, pasipo kuona haya, wakiuliza ni nani aliyemruhusu Mganda kutembeza bidhaa zake hapa Kisii.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 humhesabu aingiaye au akaaye bila idhini kuwa mkosaji, awezaye kutozwa hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili. Kosa hilo halina mahakama ya pekee. Mshtakiwa hupelekwa mbele ya hakimu wa kawaida wa Kehancha au wa Migori, yule yule asikilizaye wizi wa ng'ombe na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mahakama hizi zina upungufu wake, kwani mgeni asiye na wakili wala mkalimani wa kutosha huweza kukiri asubuhi jambo ambalo hajalifahamu hadi jioni. Lakini hakimu wake ana sifa moja ambayo thamani yake haionekani mpaka ikosekane, nayo ni kwamba Idara ya Uhamiaji haikumwajiri. Aliajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na waziri akichukizwa na hukumu yake, hana uwezo wa kumwambia kesho asije kazini.

Sasa na tuvuke bahari. Abagusii wa Minnesota kwa kawaida hawakuingia Marekani kwa kuruka ukuta. Walipitia mlango wa mbele, wengine kwa viza ya masomo, wengine kwa viza ya kuzuru, wengine kwa ile bahati nasibu ya viza iliyowekwa na sheria ya mwaka 1990, na wengine wakiitwa na jamaa zao waliotangulia. Aliyepata kadi ya kijani kwa bahati nasibu ana ardhi ngumu ya kusimamia. Lakini kijana aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi, karo ikamlemea katika muhula wa tatu, akaacha darasa na kushika zamu za usiku katika nyumba za kutunzia wazee, huyo amekwisha kuvunja sharti la viza yake, ijapokuwa hajavunja dirisha la mtu. Kwa lugha ya wenzake, hana makaratasi.

Mtu kama huyo akifikiwa na maafisa, hupewa hati ya wito. Hati hiyo huandikwa nambari ya jalada lake yenye tarakimu 9, namna alivyoingia nchini, na sababu inayodaiwa kumpasa kuondoka. Kwa miaka mingi hati nyingi zilitolewa bila siku wala saa ya kusikilizwa, hata Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikaamua mwaka 2018, na tena mwaka 2021, kwamba wito usiotaja wakati na mahali, katika karatasi moja iliyokamilika, hauwezi kusimamisha hesabu ya miaka ya mtu ya kukaa nchini. Msomaji asilidharau jambo hili akidhani ni ushindani wa mawakili. Asiye na makaratasi aliyekaa miaka 10 mfululizo, mwenye mwenendo mwema, na mwenye mume au mke, mzazi au mtoto aliye raia au mkaazi halali, ambaye kwa kuachwa atapatwa na taabu ipitayo sana taabu za kawaida, sheria humruhusu kumwomba jaji asimwondoe; na wapewao rehema hiyo hawazidi 4,000 kwa mwaka katika nchi nzima. Kwa hiyo mtu wa miaka 9 na mtu wa miaka 10 si sawa, na karatasi isiyo na tarehe imeokoa nyumba kadhaa.

Balaa kubwa, hata hivyo, huanzia katika sanduku la barua. Ahamaye nyumba sharti aiarifu mahakama anwani yake mpya ndani ya siku 5. Asipofanya hivyo, barua ya tarehe hupelekwa alikohama, siku hufika, jina huitwa, hapana aitikaye, na amri ya kufukuzwa hutolewa wakati mwenyewe yuko zamuni akimlisha uji mzee wa watu, asijue kwamba maisha yake yamekwisha kuamuliwa. Anazo siku 180 za kuomba shauri lifunguliwe upya iwapo alizuiwa na dharura kubwa, na hana ukomo wa siku iwapo ataleta ithibati kwamba taarifa haikumfikia kwa njia ya haki. Lakini kuleta ithibati ya kitu ambacho hakikuja ni kazi ya wakili, na hapo tunafika penye mzigo.

Mashauri haya huhesabiwa kuwa ya madai, si ya jinai, ingawa mtu aweza kukaa kizuizini miezi mingi akiyangojea. Na kwa kuwa si ya jinai, serikali hailazimiki kumwekea wakili asiyejiweza. Ndipo simu hulia Nyanchwa, Nyamira, Keroka na Ogembo. Kamati huundwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huteuliwa, na watu waliozoea kupokea fedha kutoka Marekani hugeuka wakazipeleka Marekani. Na tukumbuke kwamba mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na takriban nusu yake ilitoka nchi hiyo moja. Kwa hiyo kijana mmoja akiwekwa kizuizini, ada ya shule ya wadogo zake husimama, na ile nyumba ya matofali aliyoianza hubaki kwenye linta.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha katika simu yake picha ya hati ya mwanawe. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne kabla ya kupigwa picha, na mkunjo mmoja ulipita juu ya tarehe, ikatulazimu kuivuta na kuivuta kwa vidole mpaka tarakimu ziwe kubwa kama kucha. Tulipokwisha kuisoma akaniuliza, "Mwalimu, hebu niambie, huyu jaji ni wa nani?"

Hakuna mwanasheria niliyepata kumsikia akiuliza swali lililo bora kuliko hilo. Jaji wa uhamiaji wa Marekani huvaa joho, hukaa kiti cha juu, na huitwa Mheshimiwa. Walakini yeye si wa tawi lile la mahakama lililowekwa na katiba yao, ambalo majaji wake hushika kazi maisha yao yote. Yeye ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, katika ofisi iliyoundwa mwaka 1983, na bwana wake ni Mwanasheria Mkuu, mteule wa rais. Wakili wa serikali anayetaka mtu afukuzwe hutoka wizara nyingine, ile ya Usalama wa Ndani, lakini wizara zote mbili zina rais mmoja juu yake. Juu ya jaji kuna Bodi ya Rufani, nayo pia ni ya Mwanasheria Mkuu. Na Mwanasheria Mkuu ana mamlaka, akipenda, ya kulitwaa shauri kutoka kwa Bodi hiyo na kuliamua mwenyewe.

Mamlaka hayo hayakai kabatini. Mwaka 2018 Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions alilitwaa shauri la mwanamke wa El Salvador aliyekimbia kipigo cha mumewe, akaamua kwamba madai ya namna hiyo kwa kawaida hayampi mtu hifadhi. Mwaka 2021 Merrick Garland akaitangua hukumu hiyo. Mwaka 2025 Pam Bondi akairudisha. Sheria iliyotungwa na bunge lao haikubadilika hata neno katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni mkaaji wa kiti. Mwaka huo huo wa 2018 majaji waliwekewa kiwango cha kumaliza mashauri 700 kwa mwaka ili wahesabiwe kuwa wamefanya kazi ya kuridhisha, na kiwango hicho kikaondolewa 2021. Katika mwaka 2025 makumi ya majaji walifutwa kazi, pakatolewa idhini ya kuwaleta hadi wanasheria 600 wa jeshi wakae kama majaji wa muda, na ada ya kukata rufani mbele ya Bodi, iliyokuwa dola 110, ikapandishwa kuwa dola 1,010.

Rufani hiyo iliyopandishwa bei ndiyo iliyozaa hukumu ambayo binti wa Kisii anapaswa kuifahamu. Fauziya Kassindja, msichana wa Togo, alifika Marekani mwishoni mwa 1994 akikimbia kukeketwa na kuozwa kwa nguvu; akawekwa kizuizini zaidi ya mwaka mmoja, na jaji wa kwanza hakumwamini. Tarehe 13 Juni 1996 Bodi ya Rufani ilimpa hifadhi, na tangu siku hiyo hofu ya kukeketwa ikatambuliwa kuwa sababu iwezayo kumpatia mtu hifadhi. Kwetu jambo hili si hadithi ya mbali, kwa maana uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa miongoni mwa wanawake wa Kigusii takriban 84 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Binti akilileta dai hilo ndani ya mwaka mmoja wa kufika kwake, kama sheria itakavyo, serikali yaweza kumjibu kwamba Kenya ilikwisha kuharamisha desturi hiyo kwa sheria ya 2011, naye itampasa kuonyesha kwamba sheria iliyo kitabuni haijafika kijijini kwao. Kupima hoja mbili kama hizi kwataka utulivu, ushahidi na wasaa. Jaji anayehesabiwa mashauri kwa mwaka, au anayeangalia mlango wa ofisi akiogopa barua ya kuachishwa, atautoa wapi wasaa huo?

Nisidhaniwe kuwa natetea mlango usio na komeo. Dola isiyojua nani ameingia na nani ametoka si dola, na wapo hapa Nyanchwa watu waliojaza fomu ya bahati nasibu mwaka baada ya mwaka, wakashindwa, wakabaki nyumbani kwa adabu. Hao hawapendezwi kusikia kwamba aliyevunja masharti apewe nafasi waliyoikosa. Tena tuseme kweli, madai ya kupikwa yapo, na wapishi wake wapo, wengine wakiwa watu wetu wenyewe wanaouza hadithi moja ya mateso kwa wateja kumi, wakibadilisha jina la kijiji tu. Mwishoni mwa 2024 mashauri yaliyolundikana katika mahakama hizo yalizidi milioni 3, na shauri likingojea miaka mingi, mwenye haki huteseka kwa shaka na asiye na haki hujinufaisha kwa kuchelewa. Mwenye kutaka ukali hapo ana hoja, na sijaona jibu lake katika maandiko ya wengi wanaompinga.

Ila dawa ya mlundikano ni majaji wengi na mawakili wa kutosha. Dawa iliyopendelewa ni kumruka jaji. Sheria ya mwaka 1996 ilianzisha uondoaji wa haraka, ambao kwao ofisa huweza kumwondoa mtu bila mtu huyo kuonana na jaji. Kwa sehemu kubwa njia hiyo ilitumika mpakani na karibu na mpaka, na Januari 2025 ikatangazwa kuwa itatumika nchi nzima kwa aliyeingia bila kuruhusiwa na asiyeweza kuthibitisha kwamba alikaa miaka 2, na mwezi Agosti mahakama ikaizuia kwa muda. Pamekuwapo pia mswada wa kuzitoa mahakama za uhamiaji mikononi mwa Mwanasheria Mkuu na kuzifanya huru. Ulipita katika kamati ya bunge mwaka 2022, ukaishia hapo.

Lakini sisi wa Kisii na Nyamira hatuwezi kuyasema haya ya Marekani kana kwamba nyumbani mwetu mmefagiwa. Katika Februari 2018 wakili Miguna Miguna alipelekwa Canada kwa nguvu, mahakama ikiwa imekwisha kuamuru afikishwe mbele yake. Akarudi Machi, akazuiwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi siku kadhaa, kisha akatolewa tena nchini, huku Mahakama Kuu ikiamuru aachiliwe. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira. Jaji George Odunga alimtia hatiani yeye, Inspekta Jenerali wa polisi na mkuu wa uhamiaji kwa kudharau mahakama, akawatoza shilingi 200,000 kila mmoja. Na Desemba ya mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba kufukuzwa kule hakukuwa halali, akamwamuria Miguna fidia ya shilingi milioni 7. Miguna hakuingia tena Kenya hadi Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Huku kwetu wapo waliomsifu waziri kwa ushupavu, na mimi siwashangai, kwani mtu wa kwenu akishika rungu huonekana analishika vizuri. Lakini majaji wetu walikuwa huru, walisema wazi, walitoza faini, na bado ndege iliondoka. Uhuru wa hakimu bila utii wa ofisa ni nusu ya dawa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina hukumu yake, ambayo yastahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Aprili 2011 wakili Mkenya Samuel Mohochi alishuka Entebbe akiwa katika ujumbe wa mawakili, akazuiwa peke yake, akarudishwa Nairobi siku ile ile bila kuelezwa kosa lake. Alikwenda Arusha katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na Mei 2013 mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivunja Mkataba na Itifaki, kwa kuwa raia wa nchi mwanachama hawezi kukataliwa pasipo sababu na pasipo kufuata utaratibu wa sheria. Mohochi leo ni jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya. Na pamoja na hukumu hiyo kuwapo, Mei 2025 Martha Karua, aliyekuwa waziri wa sheria wa Kenya, na Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu, waliofika Dar es Salaam kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania, walirudishwa kutoka uwanja wa ndege. Ikiwa Jaji Mkuu mstaafu hakupata jaji wa kumsikiliza, seuze mchuuzi wa mahindi.

Shauri la Mohochi lilichukua miaka miwili, na safari ya ndege kutoka Entebbe hadi Nairobi huchukua kama saa moja. Ndiyo maana nasema hukumu za Arusha na za Nairobi hazitoshi, na kwamba mwamuzi aliye huru sharti awekwe pale pale mtu anapozuiwa. Katika kituo cha pamoja cha Isebania na Sirari maafisa wa uhamiaji wa nchi mbili, wa forodha na wa afya hufanya kazi chini ya paa moja. Hakimu wa zamu hayumo. Kumleta mmoja kutoka Kehancha, hata kwa siku mbili tu za juma, akakaa na mkalimani mmoja wa Kikuria na mmoja wa Kiamhara, na kitabu cha sababu ambacho kila ofisa akataaye kumpitisha mtu atalazimika kukijaza kwa mkono wake na kutia sahihi, kungegharimu petroli, meza, na mshahara ambao tayari unalipwa.